Kwa Mvi, Fundi Mikate Ambaye Hakuvuta Sigara

Mwaka umezunguka na kurudi palepale, Mvi, tangu asubuhi ile ulipoketi ukingoni mwa kitanda, mikono yote miwili magotini, ukaitafuta pumzi ukaikosa. Mkeo alikuwa anakupepea kwa kipande cha boksi. Ulimtazama kama mtu aliyepotelewa na kitu kidogo tu, funguo labda, ambacho sasa hivi kilikuwa mkononi. Kisha ukalala. Tulidhani umepata usingizi, tukaambiana tupunguze sauti.

Kumbukumbu hii tumeianza tukaiacha, tukaianza tena. Kila tukitaka kuweka maneno mazuri, yanajitokeza ya hasira. Mwishowe shemeji yako akasema, "Andikeni hivyo hivyo. Mvi hakupenda kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa." Basi tunaandika na hasira zetu, na wewe huko uliko utuvumilie kama ulivyotuvumilia ulipokuwa hapa.

Kwanza jina, kwa ajili ya wasomaji wasiokujua. Hukuitwa Mvi kwa uzee. Jina hilo ulilipata ukiwa kijana mbichi, ulipoanza kazi kwenye tanuri la mikate ukarudi nyumbani kichwa cheupe, nyusi nyeupe, mpaka kope. Jirani akauliza, "Huyu mzee ni mgeni wa nani?" Watu wakacheka na jina likanata. Miaka mingi baadaye mvi za kweli zilipokuja, zilikuta nafasi yao imeshakaliwa, na hakuna aliyezitambua isipokuwa mkeo, aliyezigundua siku moja baada ya kukuosha nywele. Zile hazikutoka kwa maji.

Mikate iliyopinda tanurini hukukubali iuzwe wala itupwe. Uliifunga kwenye karatasi, ukaiacha kwenye milango ya nyumba ambazo ulijua jikoni hakujawashwa kitu. Ulibisha hodi ukaondoka haraka, ili mtu asilazimike kukushukuru. Ulidhani ni siri. Mvi wetu, nyayo zako nyeupe zilikuwa pale pale kizingitini, zikienda na kurudi, na mtaa mzima ulijua.

Na ile tabia yako ya kugonga mkate chini kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Ukisikia mlio wa utupu, umeiva. Watoto nao uliwagonga vichwani wakirudi shule. "Huyu ameiva. Huyu bado mbichi, mrudisheni." Binti yako wa pili, tunayemwita Kijiko kwa sababu alikataa kula kwa mkono wa mtu yeyote ila kwa kijiko chako, ndiye aliyekuwa mbichi kila siku. Alikuwa anainama mwenyewe kukuletea kichwa.

Hayo ndiyo mazuri, na yako mengi. Sasa turuhusu tuseme mengine.

Kile chumba cha unga kilikuwa na dirisha moja. Ulilichukia. Ulisema upepo ukiingia, unga ulioumuka unashika ngozi juu, na mkate ukitoka tanurini unakuwa na gamba gumu kama kisigino. "Upepo ni mwizi," ulizoea kusema. "Anaingia hujamwita, anatoka na ulaini wa mkate." Ukatafuta mbao, ukalipigilia dirisha misumari wewe mwenyewe, ukajaza matambara kwenye nyufa. Mgeni akija ulimwonyesha dirisha lile kwa fahari, kama watu wengine wanavyoonyesha picha za harusi. Na kusema kweli, mkate wako ulikuwa laini kuliko wa tanuri lolote. Mwenye tanuri, ambaye nyote mlimwita Bosi, alijua hivyo, na dirisha likabaki limefungwa.

Ndani ya chumba hicho ulimwaga magunia ya unga kutoka begani, ukachekecha, ukakanda, ukanyunyiza unga mezani kwa mikono miwili, na jioni ukayapiga magunia matupu ukutani yatoe kilichobaki. Ulikuwa huoni ukuta wa pili, ukasema hapo ndipo kazi imenoga.

Ilianza kwa chafya. Ukichekecha tu, chafya. Ulicheka ukasema, "Unga unanisalimia." Baadaye kikaja kikohozi, kisha ule mluzi kifuani. Mara ya kwanza kuusikia, mjukuu wako alikwenda jikoni kuangalia kama birika limechemka. Wewe ulicheka zaidi yetu, mpaka kicheko kikakuishia njiani.

Kuna jambo linatuuma mpaka leo. Ulikwenda kumtembelea mwanao wa kwanza, kule kwenye kilima. Tulikuonya juu ya ile njia ya kupanda, ukaipanda ukiimba. Ulilala usiku kucha bila kukohoa. Ulirudi uso umejaa, ukasema umekuwa kijana tena. Ulipoingia kazini, mluzi ukarudi na wewe nyumbani jioni ile ile. Na sisi tukasema nini? Tukasema hewa ya kule ni nzuri. Jibu lilikuwa mkononi mwetu, tukakaa tunasifu kilima.

Hospitali nako. Hapa tunataka kila anayesoma asogee karibu.

Mkeo ana msimamo wake kuhusu usafi, na unaujua. Mlango wa nyuma daima kulikuwa na ndoo ya maji, sabuni juu ya jiwe, na yeye amesimama na taulo begani. Hakuna unga uliovuka kizingiti cha nyumba ile. "Unga ukae kwenye mkate," alikuwa anasema, "nyumbani aingie mume wangu." Na siku ya kwenda kuonana na daktari ndiyo ilikuwa balaa zaidi. Kuoga mara mbili, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, mafuta mpaka kwenye viwiko. Hakutaka mtu aseme huyu hana mwenyewe. Ukatoka umependeza kama bwana harusi, ukaenda kuketi mbele ya daktari, huna hata chembe ya unga mwilini.

"Unavuta sigara?"

"Sivuti."

"Uliwahi kuvuta?"

"Sijawahi."

Hapo daktari alimtazama shemeji yako, aliyekuwa amekusindikiza, na pakiti yake inachungulia mfukoni mwa shati. Akarudi kwako na macho yale yale.

"Kazi yako?"

"Biashara ya mikate," ulijibu, kwa kuwa ulikuwa na shati la pasi na ulijiheshimu. Nao wakaandika biashara. Walimwona mtu anayekaa nyuma ya kaunta akihesabu mikate, na nani angewalaumu?

Madaktari hatuwatukani. Foleni ilifika getini, na dawa walizokupa zilikusaidia, ukirudi tu kazini zinashindwa. Lakini lile swali lilikuwa kama wimbo wa redio. Kila mlango tulioingia lilitutangulia. Unavuta? Ulikuwa unavuta? Pengine uliacha zamani? Mtu mmoja akakuambia kwa upole, "Mzee, hapa hatumhukumu mtu, sema tu." Siku hiyo ulirudi nyumbani ukaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, ukamwambia mkeo, "Leo nusura nikubali. Nimechoka kukana kitu ambacho sikukifanya." Mkeo akakushika bega.

Na kumbe aliyevuta yupo. Shemeji yako amekaa kwenye kibanda chake cha baiskeli tangu ujana wake, spana mkono mmoja, sigara mkono wa pili. Jioni mlicheza karata kwetu sebuleni, moshi wake unakupitia usoni, nawe ulikuwa mpole mno kumwambia atoke nje. Yeye naye anakohoa, lakini kama anavyosema mwenyewe, anakohoa kwa jasho lake.

Siku ya mazishi, Bosi alisimama mbele ya watu wote. Alikusifu. Alisema hajawahi kuwa na fundi kama wewe na hatampata tena. Tulikuwa tunatikisa vichwa tukilia. Kisha akaongeza, kwa sauti ya huruma, "Ila zile sigara. Tungemsihi mapema aache."

Shemeji yako akainuka kutoka nyuma kabisa, kofia mkononi. "Bosi, sigara ni zangu. Mvi hakuvuta hata ya kuonja. Mkitaka kusema habari za sigara, ningojeni mimi nife."

Watu walicheka, maana pale makaburini kicheko kilikuwa kinatafuta njia. Lakini neno likitoka halirudi. Wiki nzima mkeo alilisikia mlangoni, dukani, bombani. "Pole, mama. Sigara si kitu kizuri." Alirudi nyumbani na ndoo imejaa nusu kwa sababu hakuweza kungoja zaidi pale bombani. Alikuwa anakulilia wewe, na alikuwa anakulilia jina lako, na hilo la pili lilimkera zaidi kwa kuwa lingeweza kuepukika.

Halafu Kijiko akachukua nafasi yako.

Hakuna aliyemsukuma. Ulimfundisha mwenyewe kukanda, na Bosi alipojaribu mafundi wengine, wateja walirudisha mikate. Walipomwita Kijiko, alivaa aproni yako, akakunja kamba mara mbili kiunoni, akaenda. Mkate wa kwanza alioutoa, aliugonga chini akatega sikio. Waliokuwapo wanasema hakuna aliyeweza kumwangalia usoni. Mkeo alifurahi, tusimsingizie. Akarudi kwenye mlango wa nyuma na ndoo yake na taulo begani, na kwa muda fulani ilikuwa kama nyumba imepata saa yake tena.

Mpaka siku alipokuwa anammwagia maji, Kijiko akapiga chafya. Kisha nyingine, na nyingine.

"Hiyo imeanza lini?"

"Unga tu, Mama. Unanisalimia."

Mkeo aliiweka kata chini. Sentensi ile aliijua kabla haijaisha.

Kuanzia hapo hakulala vizuri. Alikuwa anatega sikio kwenye ukuta wa chumba cha Kijiko kama wewe ulivyotega kwenye mkate. Mluzi ulipokuja, mdogo, wa kama mlango usiotiwa mafuta, alimfuata asubuhi mezani.

"Acha kazi."

"Nikiacha, mkate wa Baba atautengeneza nani?"

"Basi mfungue dirisha."

"Baba alisema upepo ni mwizi."

"Baba yako amelala makaburini, Kijiko. Mwizi alikuwa ndani."

Kijiko aliinuka, akavaa aproni, akaenda kazini bila kuaga. Hapo ndipo tulipokukasirikia, Mvi, na tunakuambia waziwazi. Mtoto mzima, mwenye akili zake, tunashindana naye, na upande wake yupo mtu ambaye hatuwezi kumjibu. Kila tukifungua mdomo, Baba alisema. Mkeo alifika mpaka kwenye picha yako pale ukutani akasemezana nawe. Hatutaandika alichosema.

Alikwenda kwa Bosi. Bosi alimpa kiti, akamtolea maji ya kunywa, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, marehemu alikuwa na kifua chake tu. Na wanaovuta, samahani sana, huwa hawasemi hata kwa wake zao." Mkeo akayaacha maji yale mezani bila kuyagusa. Njiani alikuwa anatembea haraka kiasi kwamba watu walimpisha.

Akampeleka Kijiko hospitali. Na bila shaka alimwandaa kwanza. Aliosha nywele, akazipaka mafuta, akampigia gauni pasi, akamkata kucha. Walikaa foleni asubuhi nzima. Walipoingia, kijana mmoja wa koti jeupe, mwenye adabu zake, aliinua kalamu.

"Unavuta sigara?"

"Hapana."

"Hata za marafiki? Hata mara mojamoja?"

Wakapewa dawa ya kikohozi ya chupa.

Nje kulikuwa na benchi. Mkeo aliketi pale akamtazama binti yake. Alitazama zile nywele zinazong'aa, kola nyeupe, kucha safi. Akakumbuka shati lako na viatu vyako. Kijiko akamuuliza kama anaumwa.

"Hawajawahi kutuona," alisema.

"Si wametuona sasa hivi?"

"Wamemwona mtu mwingine."

Kesho yake, zamu ilipokaribia kuisha, mkeo alisimama kwenye mlango wa tanuri la mikate. Mikono mitupu, bila taulo wala kipande cha sabuni. Kijiko alipotoka alikuwa mweupe toka utosini mpaka kwenye vidole vya miguu, kope zimeshikana. Akaanza kujipangusa kwa mazoea, mama yake akamshika mkono.

"Usijipanguse. Twende hivyo hivyo."

"Wapi?"

"Hospitali."

"Mama, nikiwa hivi? Hata uso?"

"Hata uso."

Wewe uliyeishi na mwanamke huyo ndiwe peke yako unayejua ni kitu gani kilitokea hapo. Yule ambaye hajawahi kumruhusu mtu kuvuka kizingiti na vumbi alimshika binti yake mkono akapita naye katikati ya mtaa, mchana kweupe, wakiacha nyayo nyeupe nyuma yao. Watu waliacha mazungumzo. Muuza duka mmoja aliita, "Mama, leo maji yamekatika?" Mkeo akamjibu bila kusimama, "Maji yapo. Macho ndiyo yaliyokatika." Kijiko alitamani ardhi ipasuke.

Kwenye benchi mtu aliyekuwa karibu alisogea, kisha akasogea tena. Mwanamke wa mapokezi akauliza kama wanatoka kwenye ujenzi. Mkeo alikaa wima kama yuko kanisani au msikitini, mkono wa Kijiko ukiwa juu ya paja lake, na gauni lake mwenyewe likaanza kuwa jeupe.

Safari hii daktari alikuwa mwanamke mtu mzima, miwani juu ya nywele, macho yamechoka. Alikuwa anaandika. Alisema kaeni bila kuinua kichwa, kisha akainua, na kalamu ikasimama. Akazunguka meza. Akashika pindo la aproni ya Kijiko akalisugua kwa vidole viwili, na vumbi likapanda kwenye mwanga wa dirisha. Daktari mwenyewe akapiga chafya.

"Huu ni unga?"

"Ni unga."

"Huwa uko hivi kila siku?"

"Kila siku. Leo ni kidogo."

"Na chumba mnachofanyia kazi, hewa inapita?"

"Haipiti. Dirisha limepigiliwa mbao."

"Aliyekuwa hapo kabla yako ni nani?"

"Baba yangu."

"Yuko wapi sasa?"

Kijiko aliigusa aproni aliyoivaa. Daktari akamtazama mkeo, akaelewa, akavuta kiti akakaa karibu nao. Akauliza kikohozi kinazidi wakati gani. Akauliza siku za mapumziko hali inakuwaje. Mkeo alikuwa anangoja. Alikuwa amejiandaa kwa lile swali lingine, amelikunjia ngumi tangu mtaani, ana majibu ya miaka yote tayari mdomoni. Halikuja. Daktari aliendelea kuuliza habari za magunia, za kuchekecha, za kufagia, na sigara hakuitaja. Hapo ndipo mkeo alipolia, kwa sauti, mbele ya mtu asiyemjua, na unga kwenye viganja vyake ukageuka kinyunya.

Daktari alisubiri. Kisha akasema maneno ambayo tunayaandika hapa kama mkeo alivyoyaleta nyumbani, kwa sababu watu wengi wanahitaji kuyasikia.

"Mama, mapafu hayaharibiwi na sigara peke yake. Sigara ni mbaya, nitaisema mpaka nistaafu, na kuiuliza ni lazima. Lakini hapa nawaona wapishi wa kuni ambao hawajawahi kushika sigara. Nawaona wakata mawe, wachambua pamba, watu wanaolala vyumba vyenye ukungu ukutani, watu wa barabarani kwenye moshi wa magari, na wake wa wavutaji. Wengine walipata homa kali ya mapafu utotoni na hayakurudi sawa. Na unga nao, ukiuvuta kila siku chumba kimefungwa, ni vumbi kama vumbi lingine. Mwili unaweza kuukataa."

"Basi hilo ndilo lililomuua baba yake?"

"Siwezi kumpima aliyezikwa. Nikikuambia nina hakika, nitakuwa nakudanganya. Lakini angekuja kwangu akiwa mweupe hivi, ningemuuliza maswali mengine."

Alimpulizisha Kijiko kwenye kifaa chao cha kupima pumzi, akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo, akamwambia la maana zaidi ni kukaa mbali na vumbi lile. Kama hawezi kuacha kazi leo, asichekeche, asipige magunia, sakafu isifagiliwe kavu, ajifunike pua na mdomo kwa barakoa ya vumbi. Na dirisha. Kijiko alianza kusema, "Baba alisema," akaishia hapo. Akatazama mikono yake.

Walirudi njia ile ile. Kijiko hakutaka hata kupitia nyumbani. Alipita kibandani kwa shemeji yako akamwambia, "Mjomba, lete nyundo ya kung'olea misumari."

Mvi, misumari ile ulipigilia kwa ugomvi gani? Shemeji yako alitokwa jasho. Bosi alisimama nyuma yao mikono kiunoni. "Na mikate ikiharibika?"

"Nitaila mwenyewe," Kijiko alisema.

"Marehemu angekasirika."

"Akasirike," alisema mkeo kutoka mlangoni. "Nitafurahi akija kuniambia."

Ubao wa mwisho ukatoka, matambara yakaanguka, na jua likaingia ndani ya chumba kile kwa mara ya kwanza tangu kabla wengine wetu hatujazaliwa. Wakaona hewa. Ilikuwa imejaa kuanzia sakafuni mpaka dari, na hakuna aliyekuwa amegusa gunia. Bosi aliinua mkono akaupitisha katikati ya mwanga. "Yote haya?" aliuliza. Baadaye alikuja nyumbani, akasimama pale mlango wa nyuma karibu na ndoo, akamwambia mkeo kwamba yale maneno ya makaburini anayarudisha. Mkeo akamwambia ayarudishe mbele ya wale wale aliowaambia. Tunamngoja.

Mikate ya siku hiyo, tukuambie ukweli, ilishika ngozi. Upepo ulifanya kama ulivyosema. Wateja walinung'unika, Kijiko alilia. Kesho yake mwanamke mmoja mfanyakazi wa pale akaleta vitambaa, akavilowesha, akavikamua, akafunika trei. Unga ukaumuka laini kama kawaida, dirisha wazi.

Kitambaa kibichi, Mvi. Miaka yote ile. Na Kijiko anasema ulikijua, uliambiwa zamani, ukasema kitambaa ni cha wavivu, kinaacha alama juu ya mkate. Tulipomsikia, mkeo akatoka nje akaipiga ndoo teke. Tulikupenda na tunakupenda, lakini ungekuwepo siku ile ungelala nje.

Kifua cha Kijiko bado kinapiga mluzi siku nyingine. Sasa anasimama upande wa tanuri, unga unachekechwa chini chini na mtu aliyefunika uso, na daktari amesema kisipotulia ataondoka pale kabisa. Kijiko ameapa atatii. Tutaona, maana ni mtoto wako.

Na wewe unayesoma haya, ukienda kutibiwa kifua, usiende na nguo za sikukuu. Nenda na za kazi. Ukiulizwa kazi yako, usiseme biashara. Sema unachokishika na unachokivuta.

Leo asubuhi tulikusanyika mezani. Kijiko alikuwa ameoka mkate mmoja bila kitambaa, ukashika ngozi kama ile siku ya kwanza ya dirisha. Aliuweka katikati, akaugonga chini kwa kifundo, akatega sikio, nasi tukatega pamoja naye. Juu ni mgumu kama kisigino, kama ulivyosema. Ndani ni wako ule ule. Tumeumaliza, mpaka gamba.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye kila jioni bado anaijaza ndoo. Mwanao wa kwanza wa kule kilimani, ulikopanda ukiimba. Kijiko, anayekuletea kichwa. Mdogo wao wa mwisho. Wajukuu, pamoja na yule wa birika. Shemeji yako, ambaye siku hizi anavutia nje ya geti, hata mvua ikinyesha. Na majirani wote wenye nyayo zako vizingitini.

Haitapita siku tukusahau, Mvi. Hukuvuta. Na dirisha tumeliacha wazi.